Mwenye njaa na mwiko wake: Odera Oruka na swali la kuishi vyema

Nilikuwa na miaka 19 nilipotia sahihi uongo.

Ilikuwa asubuhi na mapema, Nairobi, eneo la viwanda. Vibarua tulikuwa saba. Nyapara alitutoa kwenye foleni ya langoni, akatupeleka nyuma ya stoo, akatoa karatasi iliyopigwa chapa. Ilisema kwamba mwenzetu mmoja, mtu mzima tuliyezoea kumwita Mjomba, alionekana akirusha vyuma juu ya ukuta siku iliyotangulia. Mimi sikumwona, na sidhani kama yupo aliyemwona. Mjomba alikuwa ameuliza kuhusu malipo ya wiki mbili ambayo hayakuwa yametoka, na kila mmoja wetu alijua hilo ndilo kosa lake.

Nilikuwa sijala tangu mchana wa jana yake, na nilichokula mchana huo kilikuwa chai ya rangi na kipande cha mkate. Ng'ambo ya lango palikuwa na kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akichemsha maharagwe, na harufu yake ilikuwa inanifikia pale pale niliposimama. Nakumbuka kalamu ilikuwa ya buluu, mkia wake umetafunwa. Nakumbuka nyapara aliniuliza, “Kijana, unataka kazi ama unataka maneno?” Nikatia sahihi. Kabla ya saa nne Mjomba alikuwa ameshatolewa, ameshika mfuko wa plastiki wenye viatu vyake vya kazini. Aliponipita alisema, “Haya, kijana wangu,” akaenda zake.

Mama yangu hakunilea hivyo. Kwetu uongo ulikuwa ni jambo la kuchapwa, na nilipokuwa mdogo niliwahi kurudishwa dukani kilomita nzima kwenda kurejesha chenji iliyozidi. Mafunzo ya tabia njema nilikuwa nayo kichwani siku ile nyuma ya stoo. Nilijua lililo sahihi. Nilichokosa ni ile nafasi ndogo ndani ya mtu ambamo anasimama kidogo, anajiuliza, kisha anaamua. Njaa ilikuwa imeijaza yote.

Miaka mingi baadaye, kwenye meza ya muuza vitabu vya mitumba katikati ya jiji, nilikutana na kitabu chenye jalada lililopauka kiitwacho Practical Philosophy. Kilitolewa mwaka 1997 na mwandishi wake alikuwa ameshafariki. Jina lake ni Henry Odera Oruka, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Nilikinunua kwa sababu kilikuwa rahisi. Nilipofika sehemu inayozungumzia kile ambacho kwa Kiswahili ningekiita kima cha chini cha ubinadamu, niliona kwamba mtu huyu, ambaye sikupata kumwona, alikuwa ameieleza asubuhi yangu ile vizuri kuliko nilivyoweza kuieleza mwenyewe.

Oruka alizaliwa mwaka 1944 Ugenya, katika sehemu ambayo leo ni kaunti ya Siaya. Alipelekwa Sweden kusoma sayansi, katika Chuo Kikuu cha Uppsala, na huko akakutana na mwanafalsafa Ingemar Hedenius, mtu aliyejulikana nchini mwake kwa kuyauliza mafundisho ya dini hadharani sababu zake na kutoridhika na jibu la kwamba ndivyo tulivyofundishwa. Kijana wa Ugenya akaiacha sayansi, akashika falsafa. Alisoma pia Marekani, Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit. Mwaka 1970 alikuwa amerudi Nairobi, anafundisha katika idara iliyounganisha falsafa na masomo ya dini, ikiongozwa na askofu wa Kianglikana, Stephen Neill.

Kitu alichokikuta nyumbani kilimkera, na naona alikuwa na haki ya kukereka. Kwa upande mmoja walikuwapo waliosema Mwafrika hana falsafa. Kwa upande wa pili walikuwapo waliomtetea kwa namna iliyomdhalilisha vilevile: walisema falsafa anayo, lakini ni ya kabila zima, imo katika ngoma, matambiko na methali, wala haina mwenyewe. Mmisionari Mbelgiji Placide Tempels, aliyefanya kazi Katanga, ndiye aliyeisambaza fikra hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu falsafa ya Wabantu. Oruka aliuliza swali jepesi: kama Ugiriki alikuwapo Socrates, mtu mmoja mwenye jina, aliyebishana na mji wake na wala hakuandika kitabu, kwa nini Kisumu au Meru pawe na umati tu unaofikiri kwa pamoja bila hata mmoja anayesimama kando na kusema, “Mimi sikubaliani”?

Basi akaenda kumtafuta mtu huyo. Kuanzia mwaka 1974, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu na baadaye wanafunzi wake, alizunguka vijijini na kinasa sauti. Waliuliza wanakijiji ni nani hapa mnayemwendea kwa ushauri, kisha wakaenda kwa huyo, wakakaa, wakauliza. Mungu ni nini? Mwanamke na mwanamume ni sawa? Uhuru ni nini? Sheria inatakiwa kumfanyia nini mkosaji? Kifo ni kibaya? Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1990 katika kitabu chake kikubwa kuhusu falsafa ya wenye hekima, na majina ya wazee yamo ndani, pamoja na maneno yao.

Mbinu yake ilikuwa katika swali la pili. Swali la kwanza hujibiwa na kila mzee mwenye kumbukumbu nzuri, naye atakupa mila, atakupa methali, atakueleza mababu walivyofanya. Oruka aliwaheshimu wazee wa namna hiyo na kuwaita wenye hekima ya jadi. Lakini hakuishia hapo. Alimsukuma mzee: na wewe mwenyewe unaonaje? Je, mababu walikuwa sahihi? Wengi walirudia lile lile la kwanza. Wachache walinyamaza kidogo, wakaanza kupima, wakakubali baadhi na kukataa baadhi, na kutoa sababu. Hao ndio aliowaita wanafalsafa, hata kama hawakuingia darasani siku moja.

M'Mukindia Kithanje wa Meru alimwambia kwamba anapomfikiria Mungu anafikiria muungano wa joto na baridi, kwa kuwa vitu hivyo viwili vinapokutana ndipo uhai unapoanza. Njeru wa Kinyenje wa Embu, mzee aliyezaliwa karne ya 19, hakuwa na haja ya sala wala ya kanisa, na alisema hivyo bila kuficha, katika nchi ambayo kila mkutano hufunguliwa kwa maombi. Hata baba yake mwenyewe, Mzee Oruka Rang'inya, amo kitabuni. Mwana wa Uppsala aliketi mbele ya baba na kumhoji kama anavyohojiwa mwanazuoni yeyote. Aliyelelewa katika nyumba ya Kiafrika anajua uzito wa jambo hilo: kumuuliza baba sababu ya anachoamini, na baba kukubali kuulizwa.

Aliye karibu zaidi na moyo wangu katika kundi hilo ni Paul Mbuya Akoko, Mjaluo aliyefariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 90 hivi. Wakati ule wanasiasa wa Afrika Mashariki walikuwa wakisema kila siku kwamba zamani Waafrika waligawana mali zote kwa usawa. Mbuya aliulizwa kuhusu jambo hilo, naye hakukubali kirahisi. Alisema hapana, watu hawakugawana mali. Mwenye ng'ombe alikuwa ni mwenye ng'ombe. Ila aliwatawanya baadhi ya ng'ombe wake kwa majirani wasio nao, wakawafuga, na ng'ombe wakabaki kuwa wake. Asubuhi jirani akikamua, maziwa ni ya kibuyu chake, ya watoto wake.

Nimelitazama jambo hilo mara nyingi. Tajiri hakufanywa maskini, na mali yake haikuguswa. Maskini naye hakupewa sadaka. Hakwenda kuomba kikombe cha maziwa mlangoni mwa mtu jioni, huku watoto wa tajiri wakimtazama. Alikuwa na ng'ombe zizini kwake, na kazi ya kumlisha, na maziwa. Palikuwa na mstari fulani chini yake ambapo jamii haikukubali mtu yeyote aanguke, na juu ya mstari huo kila mmoja alijitafutia. Mbuya hakuuita kwa jina lolote la kitaalamu. Oruka, nadhani, alikuwa anausikia mstari huo kwenye kinasa sauti miaka mingi kabla hajauandika.

Aliuandika mwaka 1989, katika makala kuhusu misaada ya nchi tajiri kwa nchi maskini. Lilikuwa ni swali la wakati wake. Njaa ya Ethiopia ilikuwa imeonekana kwenye televisheni duniani kote miaka michache tu nyuma, watu walikuwa wameimba na kuchangisha fedha, na fikra ya msaada kuwa huruma ilikuwa imetawala. Oruka aliuliza: msaada unatolewa kwa sababu gani hasa? Akazipitia sababu zilizozoeleka. Kuna huruma, lakini huruma ni ya mtoaji, anaweza kuamka nayo leo na kesho asiwe nayo. Kuna maslahi ya biashara, ambayo hayana haja ya kuitwa msaada. Kuna kulipa dhuluma za zamani, za utumwa na ukoloni, hoja yenye nguvu, lakini inamwacha nje yule mwenye njaa ambaye hakuna wa kumdai. Anayekufa kwa njaa katika nchi isiyowahi kutawaliwa na mtu ana haki gani?

Jibu lake lilikuwa kwamba anayo haki kwa kuwa ni binadamu. Alisema kila mtu, ili aweze kufikiri na kujitambua, anahitaji vitu vitatu kwa kiwango fulani cha chini: usalama wa mwili wake, afya, na riziki. Ukipungukiwa na kiwango hicho bado utakuwa hai, bado utaitwa binadamu, lakini hutaweza kufanya kazi ya binadamu, ile ya kupima jema na baya, kuchagua, na kubuni. Kwa hiyo madai mengine yote ya maadili yanakaa juu ya sakafu hiyo. Ukitaka mtu awe mkweli, mwaminifu, mwenye kutii sheria na kuheshimu mali yako, unamtaka awe kitu ambacho hawezi kuwa mpaka kwanza sakafu iwepo. Na kwa sababu jamii nzima inamtaka awe hivyo, sakafu hiyo ni deni la jamii kwake.

Sisi wa Kiswahili tuna methali ya jambo hili, na ni fupi kuliko makala yoyote ya chuo kikuu: mwenye njaa hana mwiko. Nimeisikia ikitumiwa kwa namna mbili. Wengine huitumia kusamehe, kwamba mwache tu, ni njaa. Wengine huitumia kuonya, kwamba usimwamini huyo, ana njaa. Kwa namna zote mbili mazungumzo huishia hapo, watu wakatikisa vichwa wakaendelea na mambo yao. Oruka angeuliza swali la pili. Kama ni kweli mwenye njaa hana mwiko, na kila mtu anajua hivyo, na jamii inautaka mwiko, basi ni nani aliyevunja mwiko wa kwanza? Ni yule aliyekula cha mwenzake kwa sababu ya njaa, au ni waliojua kwamba mwenzao ana njaa na wakala?

Hoja hiyo ya sakafu niliisoma nikiwa nimeketi, nikafunga kitabu. Namkumbuka nyapara na karatasi yake. Hakuileta karatasi ile jioni siku ya mshahara. Aliileta asubuhi, kwa vibarua wasiolipwa wiki mbili, na maharagwe yanachemka ng'ambo ya lango. Alijua vizuri sana kile ambacho profesa alikuwa anakithibitisha kwa hoja. Waajiri wabaya wote wanakijua, na wanasiasa wanaogawa unga usiku wa kuamkia uchaguzi wanakijua pia. Wenye kutaka kumnunua mtu huanza kwa kuhakikisha yuko chini ya mstari.

Kuna pingamizi, na ni la haki, na nimepewa na mama yangu mwenyewe nilipomweleza habari hii. “Mbona sisi tulikuwa maskini,” alisema, “na hatukuiba?” Ni kweli. Nimeona uaminifu mwingi zaidi katika vyumba vya mabati kuliko katika ofisi zenye zulia, na mwanafalsafa anayesema maskini hawezi kuwa mwema amekosea na amewatukana watu. Lakini nilipomsoma Oruka tena kwa makini niliona hilo silo analolisema. Hazungumzii umaskini, anazungumzia mstari ulio chini ya umaskini. Mama alikuwa na shamba la mihogo. Alikuwa na shangazi zangu wawili ng'ambo ya kijito, na zahanati ya misheni ya kutembelea kwa miguu. Tulikuwa maskini tuliokuwa juu ya sakafu, na sakafu yenyewe iliwekwa na watu tunaoweza kuwataja kwa majina. Pale langoni Nairobi sikuwa na shangazi.

Hata hivyo sijamtumia Oruka kujifutia kosa. Miongoni mwetu saba alikuwapo mmoja aliyekataa kutia sahihi, naye tumbo lake lilikuwa tupu kama langu. Alitoka langoni nyuma ya Mjomba. Mtu kama huyo yupo, na falsafa isiyomwona ina kasoro. Ninachoona ni kwamba jamii haiwezi kujengwa kwa kutarajia kila kibarua awe kama yeye, kama vile barabara haijengwi kwa kutarajia kila dereva awe bingwa. Dhambi ya sahihi ile ni yangu. Deni lililokuwapo kabla ya sahihi lilikuwa la wengine, na mpaka leo halijalipwa.

Wakati Oruka anaandika, sauti iliyosikika sana upande wa pili ilikuwa ya Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Marekani. Mwaka 1974 Hardin alitoa mfano wa mashua ya uokoaji: mataifa tajiri yamo ndani, watu 50 katika mashua yenye uwezo wa kubeba 60, na majini wanaogelea watu 100 wanaomba kupandishwa. Ukiwachukua wote mashua inazama. Ukiwachukua 10 umejiondolea akiba ya usalama, na utawachagua vipi? Bora, alisema Hardin, usichukue mtu.

Ni mfano unaoshika akili, na ndiyo hatari yake. Unaanza hadithi katikati. Hausemi mashua ni ya nani, ilichongwa kwa mbao za msitu upi, wala ni kwa nini hao 100 wamo majini. Oruka aliujibu kwa kubadilisha picha yenyewe. Mwaka 1993, katika makala aliyoandika kuhusu maadili ya kuishi duniani kama watoto wa mzazi mmoja, alisimulia habari ya ndugu sita. Wawili kati yao ni matajiri, mmoja tajiri kupindukia. Wanne ni maskini, na watatu kati ya hao wanne ni maskini sana. Wametofautiana kwa bahati, kwa vipaji, kwa historia ya familia. Lakini hakuna hata mmoja aliyejileta duniani, na wote wanadaiwa na wazazi na nyumba iliyowalea. Tajiri anayo haki ya kufurahia alichochuma. Hana haki ya kufurahia huku nduguye anaangamia, kwa kuwa kuangamia kwa ndugu ni aibu ya nyumba nzima, na usalama wa nyumba ni mmoja. Mzazi huyo, kwa Oruka, ni dunia yenyewe, pamoja na maji yake, udongo wake na wanyama wake. Kwa hiyo hoja ile ile aliyoitumia kwa njaa aliitumia kwa mazingira.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hapo. Nani kati yetu hajakaa kwenye kikao cha ukoo kinachojadili karo ya mtoto wa ndugu aliyeshindwa? Tunajua jinsi tajiri wa ukoo anavyokunja uso, na jinsi wazee wanavyomwendea pole pole, bila kumwambia kwamba mali si yake. Wanamwambia kwamba na yeye ana kwao. Oruka alichukua kikao hicho na kukifanya cha ulimwengu mzima.

Sipendi kumwonyesha kama mtu asiye na mikunjo. Mwaka 1987 alisimama kizimbani kama shahidi katika kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, kesi iliyoigawa Kenya nzima. Mjane, Wambui Otieno, alitaka kumzika mumewe kwa namna yake. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe kwao Nyalgunga, Siaya, kwa mila. Oruka aliitwa upande wa ukoo kueleza mila za Wajaluo. Ukoo ulishinda, na mwili, uliokaa mochari zaidi ya miezi mitano, ukazikwa Mei mwaka huo. Mwanafalsafa aliyewafundisha watu kuuliza swali la pili kwa kila mila alikuwa, siku hiyo, sauti ya mila. Mimi naona ilikuwa fursa iliyopotea. Pale mahakamani palikuwa mahali pa kuuliza mwanamke yule yu wapi katika hekima yetu. Na si kwamba hakuwa na mzee wa kumfunulia njia: Mbuya Akoko alikuwa ameshamwambia, kwenye kinasa sauti, kwamba kwa maumbile ya akili mwanamke na mwanamume ni sawa. Kwa heshima yake lazima niseme kwamba Oruka hakuuficha ushahidi wake wa mahakamani. Aliuchapisha katika kitabu cha wenye hekima ili sisi tuusome na kuupima.

Hilo la mwisho linanielekeza kwa jambo ambalo naona ndilo kiini cha kuishi vyema kwa mujibu wake. Kwa Oruka, kujua mengi hakukumfanya mtu kuwa mwenye hekima. Mwenye hekima ni anayejua, anayepima, kisha anaitumia akili yake kuitengeneza jamii anayoishi. Mtu aliyeerevuka na kuutumia ujanja wake kwa tumbo lake mwenyewe hakumhesabu kuwa mwenye hekima. Pwani wamelisema jambo hilo kwa njia yao: Ahmad Nassir wa Mombasa aliandika utenzi mzima juu ya wazo kwamba mtu ni utu, na mwanazuoni Mjerumani Kai Kresse, aliyewafuata wanafikra wa Mombasa mitaani na misikitini, alitembea katika njia ambayo Oruka ndiye aliyeifungua.

Tarehe 9 Desemba 1995 Odera Oruka aligongwa na gari jijini Nairobi, akitembea kwa miguu, akafariki. Alikuwa na miaka 51. Katika orodha yake ya vitu vitatu, cha kwanza kilikuwa usalama wa mwili. Siwezi kulitazama jambo hilo bila uchungu kila ninapovuka barabara zetu zisizo na kivuko.

Mjomba sikumwona tena. Nilimtafuta mara mbili, miaka ilipopita na nilipokuwa na mshahara, nikaambiwa alirudi kwao magharibi, na aliyeniambia hakujua kijiji. Kama yuko hai, ni mzee sasa. Ningependa kumwambia kwamba nilidanganya, na kwamba nyapara alijua ninadanganya, na kwamba sote wawili, yeye Mjomba na mimi, tulistahili kuwa na kifungua kinywa asubuhi ile kabla ya mtu yeyote kutuwekea karatasi mbele.

Karibu miaka 15 baada ya kifo cha Oruka, tarehe 27 Agosti 2010, Kenya ilizindua katiba yake mpya pale Uhuru Park. Ibara ya 43 inasema kila mtu ana haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, ya makazi, ya maji safi ya kutosha, ya elimu, na ya kuwa huru kutokana na njaa na kuwa na chakula cha kutosha chenye ubora. Imeandikwa “kila mtu”. Haikuongeza sharti la tabia njema, wala la shukrani. Msomaji, isome kwa sauti nyumbani kwako leo, na kama yuko mzee sebuleni, muulize yeye anaonaje. Kisha muulize tena.